Sentineli amesema hapana, lakini mlango umefunguka

Maneno tuliyoyatoa mbele ya vijana wa harakati yetu, siku ya mafunzo juu ya usalama wa tovuti. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tunajua wamoja wametoka mbali, na pesa ya moto siku hizi si ya kuchezea. Kwa hiyo hatutazunguka, tutaingia ndani ya mambo moja kwa moja.

Sisi tumezoea kuongea juu ya maji, umeme, barabara, mishahara ya walimu, usalama. Leo tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wengi wanaonaka ni mambo ya watu wa informatiki tu: namna gani mtu asiye na neno la siri anaweza kuingia ndani ya tovuti sawa vile ni yake, akakaa kwenye kiti cha msimamizi, akaandika kwa jina la wenyewe. Haya mambo si ya watu wa informatiki peke yao. Ni ya sisi wote, juu siku ile itatokea, yule aliyeingia hatakamatwa. Atakamatwa yule ambaye jina lake liko chini ya tangazo.

Tukumbuke kidogo. Mwezi wa Machi 2015, Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa kwenye mkutano wa vijana. Walitoka gerezani mwezi wa Agosti 2016. Karibu mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ya kukutana ndani ya ukumbi na kuongea juu ya nchi yao. Sasa jiulizeni: kama kukutana tu kunaweza kukufikisha huko, tangazo la uongo lenye jina la harakati, linaloita watu washike mawe, linaweza kukufikisha wapi? Na orodha ya watu waliojaza fomu ya kuwa wanachama, majina yao na namba zao za telefoni, ikianguka mikononi mwa mtu ambaye hatumjui, itafika wapi?

Ndiyo maana tumeomba hii saa moja.

Tuanze na nyumba yenyewe. Tovuti nyingi mnazoona hapa kwetu, za mashirika, za makanisa, za mashule, za redio za mtaa, zimejengwa juu ya programu moja inayoitwa WordPress. Ilitoka mwaka 2003, haiuzwi, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote za dunia zinatumia hiyo. Ni kitu kizuri. Mtu anaweza kuweka tovuti ya shirika lake ndani ya siku mbili bila kuandika kodi hata mstari mmoja.

Lakini WordPress peke yake ni nyumba ya kuta nne na paa. Ukitaka fomu ya watu kukuandikia, unaongeza kipande. Ukitaka kalenda, unaongeza kipande. Ukitaka tovuti ifunguke haraka, kipande kingine. Vile vipande vinaitwa plagini. Ziko makumi ya maelfu, na kila moja imeandikwa na mtu wake: wengine ni kampuni kubwa, wengine ni kijana mmoja anayeandika usiku baada ya kazi. Na hapa njo tunapashwa kushika neno: kila plagini unayoweka inapata ruhusa ya kugusa nyumba nzima. Haibaki ndani ya chumba chake. Fundi uliyemwita kwa ajili ya dirisha, umempa funguo za lupango yote.

Ndani ya lupango kuna sentineli. Kazi yake ni moja: kuuliza «wewe ni nani, onyesha». Ku tovuti, ile karte ya uchaguzi unayoonyesha ni jina lako na neno la siri. Mashambulizi tuliyozoea kusikia ni ya mtu kuiba karte, ama kukudanganya mpaka umpe. Leo hatuongei hayo. Tunaongea nyufa ambapo mwizi hana karte kabisa, hajaiba kitu, hajadanganya mtu, na sentineli anamwacha apite. Tatizo si mlinzi kulala. Tatizo ni maagizo aliyopewa, yaliandikwa vibaya.

Tutaeleza mifano mitatu ya kweli. Zote zimekwisha kutengenezwa na wenye plagini, zote zinajulikana dunia nzima, kwa hiyo hatumfundishi mtu wizi. Tunafundisha namna mlango unavyofunguka, ili tujue kuufunga.

Mfano wa kwanza. Iko plagini inaitwa Really Simple Security, zamani iliitwa Really Simple SSL. Mwezi wa Novemba 2024 ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 4. Tazameni jina lake: ni plagini ya usalama. Watu waliiweka ili walindwe. Ndani yake kulikuwa na kile kitu tunachopendaka kushauri kila siku, uthibitisho wa hatua mbili: unaandika neno la siri, halafu unaandika pia kodi inayofika kwa njia nyingine.

Tarehe 6 Novemba 2024, mtafiti anaitwa István Márton, wa kampuni ya usalama Wordfence, aliona kitu cha ajabu. Kwenye ile hatua ya pili, programu ilikuwa inapokea vitu viwili: namba ya mtumiaji, na alama ya siri ya kuonyesha kwamba kweli ni yeye anayeingia. Kipande kimoja cha kodi kilikuwa kinakagua ile alama. Kama alama ni mbaya, kilikuwa kinajibu vizuri: kosa, hapana. Lakini kipande kingine, kile kinachofungua mlango, hakikuangalia jibu. Kiliendelea na kazi yake sawa vile hakuna kilichosemwa, na kumwingiza mtu kwa ile namba aliyoitaja.

Mmesikia vizuri? Sentineli amechukua karte, ameiangalia, amesema kwa sauti: «hii karte ni ya uongo.» Na yule mwenye kushika bariera amefungua tu, juu hakuna mtu aliyemwambia asikilize sentineli. Ulitosha kutaja namba ya msimamizi, na mara nyingi mtu wa kwanza aliyetengeneza tovuti njo namba 1.

Ule ufa ulipewa alama 9.8 juu ya 10 kwa ubaya. Na kuna kitu cha kuchoma roho: ulikuwa hatari kwa wale tu waliowasha uthibitisho wa hatua mbili. Wale ambao hawakujali hawakuguswa. Wale waliojitahidi kujilinda njo walioacha mlango wazi. Toleo lililotengenezwa, 9.1.2, lilitoka tarehe 12 Novemba kwa wanaolipa na tarehe 14 kwa wengine, na watu wa WordPress wakalisukuma kwa nguvu kwenye tovuti nyingi bila kungoja wenyewe wabonyeze.

Kabla hatujaendelea, msitoke hapa mkisema «basi hatua mbili ni bure». Hapana. Hatua mbili ni nzuri, na tutaomba kila msimamizi aiwashe. Somo ni lingine: ukaguzi ambao jibu lake halimzuii mtu yeyote si ukaguzi. Na sisi vijana wa Kongo, hilo somo hatukulingoja mpaka Novemba 2024. Ni mara ngapi ripoti imetoka, imesema pesa ya barabara haionekani, imesema shule imelipwa na haikujengwa, karatasi imesainiwa na muhuri umepigwa, halafu malipo yakaendelea sawa vile ripoti haikuandikwa? Sentineli amesema hapana. Bariera imefunguka. Tunajua huo ugonjwa, tunaishi ndani yake. Tusiuache uingie na ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Mfano wa pili. Plagini SureTriggers, leo inaitwa OttoKit. Kazi yake ni kuunganisha tovuti na programu zingine ili mambo yajifanye yenyewe: mtu akijaza fomu, jina lake liende kwenye orodha, apokee ujumbe, na kadhalika. Mwezi wa Aprili 2025 ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 100,000.

Ili programu ya nje iongee na tovuti yako, mnapatana kwanza juu ya ufunguo wa siri. Ikija, inaonyesha ufunguo, tovuti inalinganisha na ule iliouhifadhi. Ikiwa sawa, karibu. Ni utaratibu mzuri. Lakini kuna watu waliweka plagini, wakaiwasha, halafu hawakumaliza kuipanga. Tunawajua, ni sisi wote: unaweka kitu, umeme unakatika, kesho yake umesahau. Kwenye tovuti za namna hiyo, ule ufunguo uliohifadhiwa haukuwepo. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Sasa mwizi anakuja na kuonyesha ufunguo mtupu. Sentineli anaangalia karatasi yake: tupu. Anaangalia mkono wa mgeni: mtupu. Tupu na tupu ni sawa. Karibu ndani. Na akiisha kuingia anaweza kujitengenezea akaunti mpya ya msimamizi. Kodi haikujiuliza swali moja dogo sana: je, kuna ufunguo wowote tuliopatana?

Hapa tunataka mshike tarehe vizuri. Toleo lililotengenezwa, 1.0.79, lilitoka tarehe 3 Aprili 2025. Habari za ule ufa zilitangazwa tarehe 10 Aprili. Kampuni ya Patchstack, inayofuatilia mambo haya, iliona majaribio ya kwanza ya kuutumia masaa 4 tu baada ya kuutangaza. Masaa manne. Mtu aliyesasisha ndani ya ile wiki moja alilala usingizi wake. Mtu aliyesema «nitafanya mwisho wa mwezi» alikuta mgeni sebuleni.

Mfano wa tatu tutaupitia haraka. LiteSpeed Cache, plagini ya kufanya tovuti ifunguke mbio, zaidi ya tovuti milioni 5. Ilikuwa na njia ya ndani ya kujifanya mtumiaji fulani ili iandae kurasa mapema, na ile njia ilifungwa kwa alama ya siri. Alama yenyewe ilionekana ndefu na ngumu. Lakini namna ilivyotengenezwa, kwa kufuata sehemu ndogo ya sekunde kwenye saa ya mashine, haikuweza kutoa zaidi ya alama milioni 1 tofauti. Kwa mtu, milioni ni nyingi. Kwa mashine si kitu: ikijaribu mara 3 kila sekunde, siku 4 hazifiki imezimaliza zote. Ilitengenezwa tarehe 13 Agosti 2024, toleo 6.4. Yule aliyeuona ule ufa na kuutangaza kwa njia nzuri, John Blackbourn, alilipwa dolari 14,400. Tutarudi kwenye hiyo pesa, tumeona macho yenu.

Basi mifano mitatu, na yote inafanana kwa kitu kimoja. Hakuna neno la siri lililovunjwa. Ungekuwa na neno la siri la herufi arobaini, halikusaidii kitu. Mlango wa mbele uko na kadenasi nzito, na ukuta wa nyuma uko na ufa. Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ku tovuti, kuziba ufa ni kusasisha plagini. Ni kubonyeza mara mbili.

Kama ni kubonyeza tu, kwa nini watu hawabonyezi? Tumeuliza huku na huku, na majibu ni yaleyale. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: «Sasisho linakula mega.» Wandugu, hili linapashwa kuisha leo. Sasisho la plagini halipiti ndani ya telefoni yako. Tovuti haikai kwenye telefoni yako, inakaa kwenye mashine iliyo mbali, kwa yule mnayemlipa kila mwaka. Ukibonyeza, ile mashine yenyewe inakwenda kuchukua toleo jipya kwenye mashine za WordPress. Wewe unalipa mega za kufungua ukurasa na kubonyeza, basi. Ni kidogo kuliko kuangalia video moja ya vichekesho. Mmechanganya na sasisho la telefoni, na hilo kweli linakula.

Jibu la pili: «Tukisasisha, tovuti itavunjika.» Hili si la uongo. Inatokeaka. Plagini mpya inagongana na ya zamani, ama mashine ya mbali iko na toleo la kale la lugha ya PHP na plagini mpya haitaki. Lakini dawa ya hofu hii si kukaa na ufa. Dawa ni kuchukua nakala kamili ya tovuti kabla, na kuiweka mahali pengine, si kwenye mashine ileile. Ikivunjika, unarudisha. Tovuti iliyovunjika kwa saa moja inatengenezwa. Orodha ya wanachama iliyotoka haitarudi.

Jibu la tatu ndilo zito, na linatuhusu sisi wenye diploma: «Yule aliyeitengeneza hayupo tena.» Tuseme ukweli namna tovuti zinavyozaliwa hapa kwetu. Shirika linapata msaada kidogo, linataka tovuti. Linamwita kijana aliyemaliza lisansi ya informatiki, ambaye hana kazi na anaishi kwa vidili vidogo. Wanapatana bei, anatengeneza, anapewa pesa nusu, nusu nyingine inangojewa mpaka leo. Anaondoka. Neno la siri la msimamizi liko kwenye telefoni yake, na telefoni imekwisha kuuzwa. Mkataba haukusema hata neno moja juu ya nani ataangalia tovuti mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mwaka wa pili. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeifanya.

Tunajua hali hiyo juu ni hali yetu. Hatumlaumu kijana, na hatutaki kulilaumu shirika peke yake. Lakini tunasema: tovuti si ukuta unaopakwa rangi mara moja. Ni bustani. Anayelipa kupanda na asilipe kupalilia, asishangae kuona nyoka. Kijana, ukiandika mkataba, andika kazi ya kila mwezi na bei yake, hata kama ni ndogo. Shirika, ukilipa, omba mkabidhiwe funguo zote mbele ya watu wawili. Kazi ya kutunza ingeweza kulisha vijana wangapi ndani ya mji huu? Kila shule, kila kanisa, kila redio. Nchi inalia haina kazi, na kazi iko pale inalala, hakuna aliyeipa jina.

Halafu kuna jambo la plagini za wizi. Plagini inauzwa dolari 60, mtu anakupa bure, «imefunguliwa». Tunaelewa, dolari 60 hapa kwetu ni kodi ya nyumba. Lakini aliyeivunja kufuli ili akupe bure anaweza pia kuacha kitu chake ndani, na haitapata sasisho kutoka kwa mwenyewe. Umejinunulia ufa kwa bei ya bure. Tafuta plagini ambayo kweli haiuzwi, ziko nyingi, ama fanya bila.

Sasa, ile pesa, dolari 14,400. Tumesema tutarudi, turudi. Ni kweli kuna makampuni yanayolipa watu wanaogundua nyufa na kuzitangaza kwa njia sahihi. Hawakuulizi umetoka nchi gani wala unamjua nani. Hata yule aliyeuona ule ufa wa SureTriggers alilipwa, dolari 1,024. Mara nyingi inakuwa hata chini ya hapo, na mara nyingi zaidi hakuna kitu. Si mshahara. Lakini ni shule nzuri sana, juu kodi ya plagini iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa. Kijana aliyesoma programu na anakaa nyumbani anaweza kuchukua plagini moja kwa wiki, akaifungua, akajiuliza maswali matatu tuliyoyaona leo: jibu la sentineli linasikilizwa? Kama ufunguo ni mtupu, inakuwaje? Alama ya siri inaweza kubahatishwa?

Lakini sikilizeni hapa vizuri. Unasoma na kujaribu kwenye tovuti yako mwenyewe, iliyo ndani ya ordinatere yako. Si kwenye tovuti ya wizara, si ya inivasite, si ya adui wako wa siasa. Nchi yetu iko na Kodi ya Numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023, na kuingia ndani ya mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa. Na hata bila ile sheria, sisi ni harakati isiyo na fujo. Mtu anayevunja mlango wa jirani kwa kisingizio cha kumwonyesha kwamba ni mbovu, huyo si mwenzetu. Ukiona ufa, mwambie mwenye nyumba kwa siri kwanza, mpe muda wa kuuziba, halafu njo watu wote wajue. Angalieni Novemba 2024: ufa ulionekana tarehe 6, ulizibwa tarehe 12 na 14, na mambo yakatangazwa wakati dawa iko tayari. Hivyo njo watu wazima wanafanyaka.

Tumalizie na kazi. Tunaomba kila kikundi, kila shirika rafiki lenye tovuti, lifanye mambo haya kabla ya mwisho wa wiki.

Kwanza, andikeni majina ya wasimamizi wote wa tovuti. Fungueni orodha ya watumiaji, someni jina kwa jina. Mkiona jina ambalo hakuna anayelijua, msiseme «labda ni wa zamani». Ulizeni. Asiyefanya tena kazi ya tovuti aondolewe, hata kama ni rafiki. Mwandishi wa habari hahitaji kiti cha msimamizi, apewe kiti cha mwandishi.

Pili, fungueni orodha ya plagini. Ile isiyotumika, iondoeni kabisa. Kuizima tu haitoshi, juu faili zake zinabaki kwenye mashine. Plagini tano zinazoangaliwa ni bora kuliko thelathini zilizosahauliwa.

Tatu, washeni sasisho la lenyewe kwa zilizobaki. WordPress inaruhusu hivyo tangu toleo 5.5 la mwaka 2020. Inasasisha hata wakati umeme hauko kwenu.

Nne, chukueni nakala, na kuiweka mbali na ile mashine. Na mwezi mmoja jaribuni kuirudisha, ili mjue kama inafanya kazi.

Tano, kama tovuti ilikaa muda mrefu na plagini yenye ufa, kusasisha peke yake hakutoshi. Kuziba ukuta hakumtoi yule aliyekwisha kuingia. Angalieni wasimamizi wapya, badilisheni maneno ya siri yote, watoeni watu wote ili waingie upya, na mtafute mtu anayejua akague faili.

Sita, na hili ni la sisi hasa: tusiweke ku tovuti kitu ambacho hatuko tayari kukiona barabarani. Fomu ya uanachama inauliza avenyu na namba ya nyumba, kwa nini? Tunataka kumtembelea mwanachama ama kumtia hatarini? Tuulize kidogo, na tufute mara tukiisha kutumia. Hakuna mwizi anayeweza kuiba karatasi ambayo haipo.

Saba, kila tangazo la harakati litoke kwenye njia zaidi ya moja, na msemaji anayejulikana. Mkiona tangazo kwenye tovuti tu, na hakuna msemaji anayelijua, na linaita watu kwenye fujo, msilisambaze. Pigeni simu kwanza. Mwaka 2015 mwezi wa kwanza, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti. Siku kama hizo hata simu moja ya kawaida ni kinga. Mpange mapema nani anampigia nani.

Na kwa wakubwa wa mji, wa mashule, wa ofisi zinazoweka majina ya wananchi kwenye tovuti, tunauliza swali moja, na tutaendelea kuliuliza: nani anatunza? Mnapochukua jina la mtoto kwa ajili ya matokeo, jina la mgonjwa, jina la mlipa kodi, nani jina lake liko kwenye karatasi kama mwenye jukumu? Tunataka jina la mtu, na siku za kazi yake, na pesa aliyopewa kwa kazi hiyo. Jibu la «kuna mtu wa informatiki» si jibu.

Wandugu, hatukuja kuwatisha ili mfunge tovuti. Tovuti ni sauti yetu, na kuna watu wangefurahi sana tukiifunga wenyewe. Tumekuja kusema kwamba sauti inatunzwa. Nchi ambayo tunaitaka ni ile ambapo mlinzi akisema hapana, mlango unabaki umefungwa, iwe kwa mwizi wa kura, iwe kwa mwizi wa pesa ya hospitali, iwe kwa mwizi wa tovuti. Hatuwezi kuidai kwa wengine tukiwa nyumbani kwetu bariera inajifungukia tu.

Kila kikundi kichague leo watu wawili, mmoja asikose mdada, watakaofanya zile kazi saba na kutuletea habari Jumamosi ijayo. Tutawasaidia wale wasiojua pa kuanzia, bila malipo. Walete ordinatere kama iko, na kama haiko, telefoni inatosha.

Mapambano yanaendelea.